Fuko wa Nyumba ya Mpima

Jioni, saa kumi na moja na nusu, mzee mtega fuko alishuka kwenye baiskeli yake mbele ya geti la bluu. Akaiegemeza ukutani, akafungua kamba iliyoshika vifaa vyake: chepe moja, jembe moja, fito tatu za mti mbichi, na kopo la maziwa lililojaa nyaya na nyuzi. Mtaani walimwita Kitanzi. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye cheti cha shule na kinywani mwa marehemu mkewe, na tangu huyo aondoke hapakuwa na mtu aliyelihitaji.

Watu wengi humwita fuko panya. Kitanzi hakulipenda kosa hilo, ila siku hizi hakulisahihisha. Panya huja jikoni kwako akijua anachokitaka. Fuko hajui hata kama una jiko. Anaishi chini, gizani, macho kama punje za mtama, meno yametoka nje ya midomo ili akichimba udongo usimwingie kinywani. Anachokijua ni mizizi na njia zake. Na ana tabia moja inayomuua: hawezi kuvumilia tundu wazi. Itoboe njia yake upepo uingie, lazima aje azibe. Atakuja tu. Hapo ndipo unapomwekea kitanzi.

Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka arobaini, na siku zote aliifanya kwa mkono mwepesi. Miaka miwili hii ya mwisho aliifanya bila moyo wowote. Alikula, na chakula hakikuwa kitamu wala kibaya. Watu wakichekesha, alicheka kwa adabu. Ndani alikuwa kama mguu uliolaliwa usiku kucha, ila mguu wa namna hiyo huamka ukachoma. Yeye hakuamka.

Geti lilifunguliwa na mwanamke wa miaka kama sitini, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi. Mwalimu mstaafu. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, hata wale ambao hakuwafundisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu."

"Wewe ndiye Kitanzi? Nilidhani utakuwa mtu mrefu."

"Nilikuwa mrefu. Ni kazi hii ya kuinama."

Mwalimu hakucheka, lakini alimwachia nafasi apite. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye maktaba.

"Njoo uone. Na tafadhali, pita pembeni. Usikanyage ukoka."

Nyuma ya nyumba palikuwa na uwanja wa ukoka uliokatwa ukakatika, kingo zake zimenyooka kama daftari. Mwenye nyumba alikuwa mpima ardhi. Kazini alinyoosha mipaka ya watu, nyumbani alinyoosha nyasi. Na katikati ya ukoka huo, kuanzia chini ya dirisha la chumba cha kulala hadi kwenye ua wa michongoma, vilisimama vifusi kumi na kimoja vya udongo.

Wengine huviita vichuguu. Vichuguu ni vya mchwa. Hivi vilikuwa vifusi vya fuko, kila kimoja kama kichwa cha mtu aliyevaa kofia.

"Anakuja," Mwalimu alinong'ona. "Aliingilia pale kwenye michongoma, sasa anaelekea nyumbani. Nataka umkamate kabla hajafika ukutani."

Kitanzi alichuchumaa kwenye kifusi cha chini ya dirisha. Udongo wake ulikuwa mkavu, umepasuka, na ukoka mchanga ulikwisha kuchomoza juu yake. Akaenda kwenye cha pili. Kikavu pia, ila kidogo. Akaendelea hivyo, kimoja kimoja, akigusa kwa kidole na kunusa, mpaka kwenye kile cha mwisho karibu na michongoma. Hiki kilikuwa cheusi, kibichi, bado kimetota.

Njiani alihesabu hatua zake. Nne. Nne. Nne. Vyote kumi na kimoja vilikuwa kwenye mstari mmoja, kama vitu vilivyopangwa kwa kamba.

Hilo halikumpendeza. Fuko hufuata mizizi, na mizizi haina mstari. Fuko hajui rula.

"Mwalimu," alisema. "Huyu haji. Huyu anatoka."

Mwanamke alitupa jicho dirishani.

"Najua."

"Mbona umeniambia anakuja?"

"Ningekwambia anatoka, ungetega?"

Kitanzi alifikiri. "Ningekwambia mwache aende zake."

"Basi."

Dirisha la chumba lilikuwa wazi. Kutoka ndani ikasikika sauti ya mwanamume, nyembamba, isiyo na pumzi ya kutosha.

"Nani huyo?"

"Fundi wa fuko," Mwalimu alijibu.

"Mwambie asinikanyagie ukoka wangu."

"Nimeshamwambia."

"Mwambie tena. Mafundi wana masikio ya mapambo."

Mwalimu alimshika Kitanzi kiwiko akamsogeza mbali na dirisha, mpaka kwenye beseni la kufulia. Hapo ndipo alipomweleza, akiwa ameangalia nguo zilizoloekwa.

Siku kilipotokea kifusi cha kwanza, mumewe aliamka akasema vidole vya miguu havina habari, vimekufa ganzi. Cha pili, nyayo. Kisha magoti. Kisha mapaja, kisha kiuno. Siku ya kifusi cha sita kifua kikawa baridi, naye akasema, bila hata kushtuka, kwamba hasikii tena moyo wake ukipiga. Hospitali walimpiga picha, wakamtoa damu, wakamgonga magoti kwa kinyundo. Hawakuona kitu. Mkono wa kushoto ulikwenda taratibu, kifusi cha saba, cha nane, cha tisa. Cha kumi, bega la kulia. Leo asubuhi kimetokea cha kumi na moja, na mkono wa kulia wote umekwenda. Amebakiwa na shingo na uso.

"Nimeangalia mbele ya kile cha mwisho," alisema. "Hatua nne kutoka pale ni nje ya ua."

"Ana ugomvi na mtu?"

"Mpima gani hana ugomvi? Kuna mzee mmoja, mume wangu alimkatia kiwanja chake nusu. Ramani ndiyo iliyosema hivyo, si yeye. Yule mzee alikuja hapa getini. Hakutukana. Alisema, 'Wewe umepima ardhi, sasa ardhi itakupima wewe.' Akaondoka. Usiku ule mbwa wa jirani walibweka upande wa dirisha hili. Sisi hatukutoka."

Kitanzi alikuwa amesikia mengi kwenye nyumba za watu. Penye mgonjwa kila kitu hugeuka ishara, hata kikombe kikianguka. Hakuamini na hakukataa. Kuamini kunahitaji nguvu fulani ambayo yeye hakuwa nayo tena.

"Haya," alisema, akachukua jembe.

*

Alitoboa njia hatua moja mbele ya kifusi cha kumi na moja. Alikata kipande cha ukoka kama kifuniko, akakiweka kando, akachimba kwa mkono. Njia ilikuwa pana kidogo kuliko kawaida. Aliinamisha uso ili anuse.

Njia ya fuko hunuka mizizi iliyotafunwa na mkojo.

Hii ilinuka sabuni ya kunyolea ndevu.

Alinusa tena. Sabuni ya kunyolea, dawa ya kuchulia misuli, na shuka iliyolaliwa siku nyingi.

Hakumwambia Mwalimu. Alipaka mikono yake udongo wa shimoni, kama ilivyo desturi ya kazi, ili mnyama asinuse binadamu. Akachomeka ufito ardhini, akaupinda, akafunga waya wa kitanzi, akaulaza mdomoni mwa njia na kuuzuia kwa uzi uliokatiza katikati. Fuko akija kuziba husukuma udongo, akakuta uzi, akaukata kwa meno. Ufito unafyatuka. Ni kazi ya kufumba na kufumbua.

Kisha walingoja. Mwalimu aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Jua lilizama nyuma ya nyumba za jirani, na rangi ikaanza kuondoka kwenye vitu: kwanza kwenye maua, kisha kwenye nguo zilizoanikwa. Mahali fulani mtu alikuwa anakaanga vitunguu. Redio ilisoma habari, ikazimwa.

"Huwa wanachukua muda gani?" Mwalimu aliuliza.

"Anayejali nyumba yake, haraka."

"Na asiyejali?"

"Sijawahi kumwona."

Walisikiliza.

Halafu chini ya miguu yao.

Kra… kra… kra…

Ufito ulitikisika kidogo, ukatulia. Udongo mdogo ukaanguka shimoni. Mwalimu alisimama polepole, mkono mdomoni.

Kra…

Pap!

Ufito ulifyatuka. Na papo hapo, kutoka dirishani, mwanamume alipiga ukelele.

"Shingo! Jamani, shingo yangu!"

Kitanzi alikuwa ameshaudaka waya. Sheria ya kazi yake ni moja: mnyama akinasa, usimcheleweshe. Mvute nje, mpige mara moja kisogoni kwa mpini, yaishe. Kumwacha akining'inia ni ukatili, na pia hukata waya. Mkono wake wa kulia ulikwisha kunyanyua mpini wa jembe bila kumwuliza.

"Usimpige!"

Mwalimu hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya darasani, ile inayowanyamazisha watoto hamsini. Mkono wa Kitanzi ukabaki hewani.

Waya ulivuta. Fuko mkubwa hazidi uzito wa ngumi mbili za mtu mzima. Alichokishika Kitanzi kilivuta polepole, kwa uzito wa mtu aliyelala anayejigeuza kitandani. Hakikupapatika, kilivuta tu kuelekea michongomani.

"Mke wangu," ilisema sauti ya dirishani, imebanwa. "Niachieni."

Kitanzi alimtazama Mwalimu. "Anasema tumwachie."

"Nimesikia anachosema. Nimemsikia miaka thelathini na minne. Shika."

"Nimechoka," dirisha lilisema. "Huku chini hakuumi. Niachieni niende."

"Shika, mzee. Nakuomba."

Hapo Kitanzi alifikiri, bila machungu yoyote, kama mtu anayesoma tangazo ukutani: siku ile pembeni ya kitanda cha mkewe, kama kungekuwa na waya wa kushika, angeushika. Ungemkata vidole mpaka mfupani, na asingeuachia. Alilijua jambo hilo vizuri sana, ingawa hakulihisi.

Akaangusha jembe.

"Nipe chepe," alisema. "Upesi. Nitamkatia njia."

Kumkatia fuko njia ni kazi ya watu wenye sikio. Unamsubiri apite, kisha unazamisha chepe nyuma yake, likaziba njia kama mlango. Harudi tena. Anabaki na upande mmoja tu wa kukimbilia. Kitanzi alizamisha chepe upande wa michongoma, kwa mguu, mpaka chuma chote kikaingia. Kisha akalegeza waya mpaka kitanzi kikachomoka.

Kitu kikageuka. Alikisikia kikigeuka chini ya unyayo wake, kikaanza kurudi kuelekea nyumbani.

Kra, kra, kra, kra.

"Jembe!" Akalizamisha nyuma yake kwenye kifusi cha kumi na moja, akang'oa chepe, akasogea hatua nne. Mwalimu akang'oa jembe, akamfuata. Hivyo wakawa wanapokezana, wazee wawili wameinama gizagiza wakikanyaga ukoka ambao hakuna aliyeruhusiwa kuukanyaga.

Cha kumi.

"Mkono wa kulia!" dirisha lilisema. "Unachoma, unachoma kama moto!"

Mwalimu alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Vumilia, baba! Ndiyo unaamka huo!"

Cha tisa. Cha nane. "Kidole gumba… cha kushoto… nakisikia." Cha saba.

Kwenye cha sita Kitanzi alifanya kosa.

Labda giza lilikuwa limezidi. Labda Mwalimu alichelewa na jembe, naye akaogopa kitu kisije kikageuka. Alizamisha chepe kabla sauti haijamalizika kupita.

Chuma kiliuma kitu.

Miaka arobaini, mikono yake ilijua kila kitu kilicho chini ya ardhi kupitia mpini. Jiwe hurusha. Mzizi hukataa kwanza, kisha hukatika kwa mlio. Hiki hakikukataa. Kilikuwa laini, kikakubali, kikaachia.

Kutoka dirishani hakuna aliyelia.

Kimya tu.

Kisha upande wa nyumba sauti ikaendelea, kra, kra, nyepesi zaidi kuliko mwanzo. Na upande wa pili wa chepe, upande wa michongoma, kitu kidogo sana kikajikokota…

Kikatulia.

Kikajikokota tena.

"Vipi?" Mwalimu aliuliza.

"Mzizi," Kitanzi alisema.

Aliliacha chepe hapo hapo lilipo, limesimama wima. Vifusi vitano vilivyobaki walivimaliza kwa jembe tu. Kiuno kilirudi, mapaja yakarudi. Sauti ya dirishani ilitaja kila kiungo kwa utulivu sasa, kama mtu anayepokea mizigo yake na kuithibitisha. Magoti. Nyayo.

Kwenye kifusi cha kwanza, chini kabisa ya ukuta, udongo ulititia. Ndani ya tundu, kwenye mwanga uliotoka dirishani, kulikuwa na kigingi cha mti, kama vile ambavyo wapima wa zamani walivipigilia kwenye pembe za viwanja. Kilikuwa kimezungushiwa nywele za mvi, zikakazwa kwa uzi mwekundu.

"Hiki si chake," Mwalimu alisema. "Vyake ni vya chuma." Kisha akazitazama nywele. "Hizi ni zake."

"Usikishike kwa mkono, Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Sijui. Mimi natega wanyama tu."

"Kama hujui, nyamaza."

Alipiga magoti, akakikamata kwa mikono yote miwili, akavuta. Kilitoka kwa sauti ya jino linalong'olewa. Alikaa nacho kidogo mapajani akihema, viganja vyake vyeusi kwa udongo, kisha akakipeleka kwenye jiko la mkaa lililokuwa nje, akakitia motoni. Hakikutoa moshi. Kiliwaka kama karatasi.

Kitanzi aliziba tundu kwa mawe, akashindilia. Alipoinua kichwa, kitanda kililia ndani ya chumba, na kivuli cha mtu aliyekaa kikatokea kwenye pazia.

"Mke wangu," sauti ilisema. "Vidole vya miguu vipo."

Mwalimu alikimbia ndani na viganja vile vile vichafu. Kitanzi alifunga vifaa vyake kwenye baiskeli. Ilikuwa bado mapema, watu walikuwa bado dukani wananunua mkate. Nyumbani alikula wali baridi, akalala.

*

Alirudi baada ya wiki tatu kuchukua chepe lake. Alikuwa amechelewa makusudi, ingawa asingeweza kukwambia kusudi lenyewe.

Kabla ya geti alisimama. Nje ya ua wa michongoma, kwenye ukingo wa barabara, kulikuwa na vifusi vidogo, kila kimoja kama chungwa. Havikuwa kwenye mstari. Vilikwenda huku, vikarudi kule, vikazunguka mahali pamoja kama mtu aliyepotea sokoni, kisha vikashika njia ya kuelekea barabara kubwa. Upande wa pili wa lami vilionekana viwili zaidi. Baada ya hapo palikuwa na majani marefu.

Mpima alikuwa ameketi barazani, amenyolewa, shati limepigwa pasi. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, mmoja huku, mwingine huku.

"Habari za jioni, Mpima."

"Nzuri."

"Nimefuata chepe langu."

"Haya."

Kitanzi alikata katikati ya ukoka wa mbele ya nyumba kwa viatu vyake vizito, akazunguka hadi nyuma, akang'oa chepe, akarudi kwa njia hiyo hiyo. Mpima alimtazama akikanyaga kila hatua. Hakusema kitu. Hakukuwa na hasira kwenye uso ule, wala subira. Ulikuwa uso wa saa ya ukutani.

Mwalimu alitoka ndani, akamsindikiza hadi getini. Alikuwa amekonda. Hawakuzungumza mpaka walipokuwa mbali na baraza.

"Anakula?" Kitanzi aliuliza.

"Anakula. Anatembea, anajioshea mwenyewe. Ukimpa chai anasema asante." Alivua miwani, akaifuta kwa khanga, akaivaa tena. "Wiki iliyopita dada yake alifariki. Dada aliyemlea, yule aliyemlipia shule. Nilikaa saa nzima nikitafuta namna ya kumwambia. Nikamwambia. Unajua alisemaje?"

Kitanzi alijua.

"Alisema, 'Haya.'"

Gari lilipita barabarani. Walisubiri vumbi litulie.

"Mwalimu. Kwenye kile cha sita, haukuwa mzizi."

"Najua. Nilisikia ulivyonyamaza." Hakusema kwa lawama. "Nimejaribu kuvifuata vile vya nje. Nilikwenda na taa mpaka kwenye lami. Wewe ni fundi, niambie ukweli. Anaweza kukamatwa?"

"Mnyama mwenye nyumba anakamatwa kwa sababu anarudi kuziba. Yule hana anapoziba."

Mwalimu alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali hesabu ya mwanafunzi.

"Sasa mtu wa namna hii," alisema, akitazama barazani, "anakaa muda gani? Hivi hivi?"

"Anakaa," Kitanzi alisema. "Anakaa miaka."

Alilisema upesi mno. Mwalimu aligeuka akamtazama vizuri, kwa mara ya kwanza labda: macho, mdomo, mikono iliyoshika chepe bila kulikaza. Alimtazama kama anayesahihisha mtihani na kukuta jibu lile lile kwenye karatasi mbili.

Akasema kwa kunong'ona.

"Uliumwa lini?"

"Miaka miwili sasa."

"Ganzi?"

"Ilianzia miguuni. Sikumbuki sana. Wanasema siku kumi sikujua mtu. Halafu nikaamka."

"Nani alikuwa anakuuguza?"

"Mke wangu."

"Yeye peke yake?"

"Peke yake. Nilipoamka alikuwa amekaa pembeni yangu, mikono ina udongo. Nikafikiri ametoka kupalilia." Kitanzi hakuwahi kulitamka jambo hilo, na sasa alipolisikia likitoka mdomoni mwake lilikuwa na umbo jingine. "Baada ya mwezi akaanza kuumwa yeye. Mimi sikujua la kufanya. Nilikaa tu."

"Ulikaa tu."

"Nilikaa. Nikamwangalia mpaka mwisho."

Mwalimu hakusema pole. Aliangalia barazani, ambako mumewe alikuwa amekaa na mikono juu ya magoti, akiwatazama wote wawili bila kupepesa. Kisha akafungua geti.

"Nenda, mzee. Giza linaingia."

Kitanzi aliinama ili afunge chepe kwenye baiskeli, na alipoinama aliiona miguu ya Mwalimu. Mguu wa kushoto ulikuwa na ndala. Wa kulia ulikuwa mtupu. Ndala yake ilikuwa imebaki kule nyuma, katikati ya njia ya kokoto kali, imepinduka, na Mwalimu alikuwa ametembea kwa mguu huo mtupu juu ya kokoto hizo hatua zote mpaka getini. Kisigino kilikuwa kinavuja damu. Alikuwa amesimama nacho imara kabisa, mkono kwenye komeo, akingoja mgeni wake aondoke.

Kitanzi aliangalia ndala. Akaangalia kisigino. Maneno ya kumwonya yalikuwepo, mepesi, ya kawaida, yangetosha hata matatu tu.

"Kuna jambo?" Mwalimu aliuliza.

Barazani, Mpima aliinua mkono mmoja kutoka kwenye goti, polepole, akaurudisha.

Kitanzi alipanda baiskeli.

"Haya, Mwalimu," alisema.